Kiwele Huwashwa na Huzimwa: Jinsi Jeni za Protini ya Maziwa Zinavyofanya Kazi

Mfugaji akilipia mbegu ya fahali bora au akinunua mtamba wa bei, tumaini lake ni kuona ndoo ikijaa. Ng'ombe akizaa na maziwa yakawa haba, lawama ya kwanza huenda kwa mbegu. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Mara nyingi, hata hivyo, mbegu ni nzuri na maagizo ya kutengeneza maziwa mengi yamo mwilini mwa ng'ombe huyo. Tatizo ni kwamba maagizo hayo hayakuwashwa vizuri, au yaliwashwa kisha yakazimwa na mambo yanayotendeka bandani kila siku.

Makala hii inaeleza jinsi mwili wa ng'ombe unavyowasha na kuzima jeni za protini ya maziwa. Jambo hili huonekana kama la maabara, lakini linamgusa kila mfugaji anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Anayelielewa ataona kwa nini ng'ombe hukaushwa kabla ya kuzaa, kwa nini saa za kukama zisibadilishwe ovyo, na kwa nini ugonjwa wa kiwele ukipuuzwa hasara yake huendelea hata baada ya uvimbe kupungua.

Kilichomo ndani ya maziwa

Maziwa ya ng'ombe yana maji kwa takriban asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, protini na madini. Protini ni kama asilimia 3.3. Idadi hiyo yaonekana ndogo, lakini ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku hutengeneza zaidi ya gramu 300 za protini kila siku, siku baada ya siku, kwa miezi kumi hivi.

Karibu asilimia 80 ya protini hiyo ni kaseini. Ng'ombe ana kaseini za aina nne, na kila aina ina jeni yake. Kaseini ndizo zinazobeba kalsiamu na fosforasi za kujenga mifupa ya ndama. Ndizo pia zinazogandisha maziwa yanapogeuka kuwa mala, mtindi au jibini. Asilimia 20 iliyobaki ni protini za maji ya maziwa, yale maji yanayojitenga maziwa yakiganda. Mojawapo ya protini hizo huitwa alfa-laktalbumini, na ina kazi ya pekee: bila hiyo, laktosi haiwezi kutengenezwa. Laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia katika maziwa. Kwa hiyo jeni ya alfa-laktalbumini ikilala, si protini tu inayopungua, bali hata lita zenyewe.

Jeni ziko kila mahali, kazi iko kiweleni

Ng'ombe ana kromosomu 60, yaani jozi 30. Jeni nne za kaseini zimepangwa karibu karibu kwenye kromosomu ya 6. Kila seli ya ng'ombe yenye kiini ina jeni hizo, iwe ya ini, ya ngozi au ya misuli. Fahali anazo pia, na ndama wa siku moja anazo. Hata hivyo ini halitoi maziwa, wala fahali hakamwi.

Sababu ni kwamba kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Ndani ya seli, DNA imekunjwa na kufungwa. Katika seli za ini, sehemu yenye jeni za kaseini imefungwa sana na kuwekewa alama za kemikali zinazozuia isisomwe. Katika seli za kiwele cha ng'ombe anayekamwa, alama hizo zimeondolewa na DNA imefunguka. Hapo seli hunakili maagizo ya jeni, na nakala hizo hutumika kujenga protini. Jeni ikinakiliwa kwa wingi, protini hutengenezwa kwa wingi. Isiponakiliwa, hakuna kitu.

Seli zinazofanya kazi hii zimepangwa kuzunguka vifuko vidogo sana ndani ya kiwele. Zinachukua malighafi kutoka kwenye damu, zinatengeneza maziwa na kuyamwaga ndani ya kifuko. Ili lita moja ya maziwa ipatikane, lita 400 hadi 500 za damu hupita kiweleni.

Kwa nini maziwa huja baada ya kuzaa

Mwaka wa 1928, watafiti wawili nchini Ufaransa, Stricker na Grueter, walionyesha kwamba maji yaliyotolewa kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, yaliweza kuwafanya sungura watoe maziwa. Homoni iliyohusika baadaye iliitwa prolaktini. Tangu hapo imejulikana kuwa prolaktini haifanyi kazi peke yake. Inasaidiwa na kotisoli kutoka tezi zilizo juu ya figo, na insulini kutoka kongosho. Kwa ng'ombe na mbuzi, homoni ya ukuaji nayo ina mchango mkubwa katika kuendeleza maziwa baada ya kuanza.

Swali la mfugaji huwa hili: ikiwa ng'ombe mwenye mimba ana homoni hizo zote, mbona hatoi maziwa mengi kabla ya kuzaa? Jibu ni projesteroni, homoni inayotunza mimba. Wakati wa mimba, projesteroni husaidia kiwele kukua lakini huzuia maziwa kutengenezwa kwa wingi. Jeni za kaseini huanza kuamka kidogo kidogo mimba inapokomaa. Siku moja au mbili kabla ya kuzaa, projesteroni hushuka ghafla huku prolaktini na kotisoli zikipanda. Kizuizi kikiondoka, jeni ya alfa-laktalbumini na zile za kaseini hufanya kazi kwa nguvu, laktosi huvuta maji, na kiwele hujaa.

Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ina jambo moja la ziada. Kinga iliyomo ndani yake haitokani na jeni za maziwa. Seli za kiwele huichota kwenye damu ya ng'ombe na kuikusanya kabla ya kuzaa. Uchotaji huo hukoma maziwa yanapoanza kutiririka, na utumbo wa ndama nao hupoteza uwezo wa kupitisha kinga hiyo ndani ya siku moja hivi. Ndiyo maana ndama anapaswa kunywa dang'a saa za kwanza kabisa za maisha yake.

Ujumbe unavyofika kwenye jeni

Prolaktini husafiri katika damu lakini haiingii ndani ya kiini cha seli. Inagusa kipokezi kilicho kwenye ukuta wa seli ya kiwele. Kipokezi hicho huamsha kimeng'enya kilicho upande wa ndani, nacho huamsha protini iitwayo STAT5. STAT5 iliyoamshwa huingia kwenye kiini, hushika sehemu maalumu ya DNA iliyo jirani na jeni za kaseini, na hapo kunakili huanza. Kotisoli nayo ina kipokezi chake, ambacho huungana na STAT5 ili kazi iende kwa nguvu zaidi.

STAT5 ilitambuliwa katika tezi ya maziwa ya kondoo, na maelezo ya jeni yake yalichapishwa mwaka wa 1994. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Marekani waliwaondolea panya jeni ya aina moja ya STAT5. Panya hao walipata mimba na kuzaa, lakini hawakuweza kuwanyonyesha watoto wao.

Prolaktini hufanya kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Nakala zinazotolewa kwenye jeni za kaseini huoza haraka ndani ya seli. Prolaktini ikiwepo, nakala hizo hudumu kwa muda mrefu zaidi, na kila moja hutumika kutengeneza protini nyingi. Kwa hiyo mwili una njia mbili za kuongeza protini: kutoa nakala nyingi na kuzilinda zisiharibike.

Hapa inafaa kutofautisha prolaktini na oksitosini. Oksitosini haitengenezi maziwa. Kazi yake ni kukaza misuli midogo inayozunguka vifuko ili maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yateremke kwenye chuchu. Ng'ombe aliyepigwa, aliyefokewa au aliyetishwa na mbwa hutoa adrenalini, nayo huzuia oksitosini isifanye kazi. Maziwa hubaki juu. Kumdunga ng'ombe sindano ya oksitosini kila siku hakutibu chanzo hicho, na ng'ombe anaweza kuzoea hadi asiteremshe bila sindano.

Kiwele kilichojaa hujizima

Kama homoni za kwenye damu ndizo pekee zingeamua, robo zote nne za kiwele zingekuwa sawa daima, kwa kuwa damu ni moja. Sivyo ilivyo. Majaribio yaliyofanywa kwa mbuzi huko Scotland yalionyesha kwamba upande mmoja wa kiwele ukikamwa mara nyingi zaidi, ni upande huo tu unaoongeza maziwa. Kila sehemu ya kiwele hujipimia yenyewe.

Mfano mkubwa zaidi uko Australia. Kangaruu mdogo aitwaye tamari anaweza kunyonyesha watoto wawili wa umri tofauti, na kila mmoja akapata maziwa ya namna yake kutoka chuchu yake. Homoni za damu ni zile zile, lakini jeni zinazofanya kazi katika tezi moja hazifanyi kazi vile vile katika jirani yake.

Kwa ng'ombe, maziwa yakikaa ndani ya kiwele bila kukamwa, shinikizo hupanda na vitu vilivyomo katika maziwa yenyewe huiambia seli ipunguze kazi. Baada ya saa 18 hivi, maungio kati ya seli huanza kulegea na maziwa kuvuja kuelekea kwenye damu. Hali hiyo ikiendelea kwa siku kadhaa, STAT5 hulala, jeni za kaseini hufungwa tena, na seli nyingi hufa. Ndivyo kiwele kinavyokauka.

Kwa sababu hiyo, mkamaji anayeacha maziwa mengi kiweleni, au anayekama saa kumi na moja alfajiri leo na saa tatu asubuhi kesho, hapotezi maziwa ya siku hiyo tu. Anakizoesha kiwele kutengeneza kidogo. Maziwa hufikia kilele kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hupungua polepole kwa kuwa seli zinazotengeneza maziwa hupungua. Seli zilizopotea katikati ya msimu ni vigumu kuzirudisha kabla ya ng'ombe kuzaa tena.

Ugonjwa wa kiwele hufunga jeni

Wafugaji wengi huona ugonjwa wa kiwele kama tatizo la maziwa yenye mabonge, ambalo huisha mabonge yakiisha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 nchini Ujerumani ulionyesha jambo zito zaidi. Katika viwele vilivyoambukizwa bakteria aina ya E. coli, DNA iliyo karibu na jeni ya kaseini, mahali hasa ambapo STAT5 hushika, iliwekewa upya zile alama za kemikali za kufunga, na utengenezaji wa kaseini hiyo ukakatika ghafla. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulilirudisha eneo hilo la DNA katika hali inayofanana na ile ya kiwele kisichokamwa.

Madhara mengine hufuata. Vimeng'enya kutoka kwenye damu huingia katika maziwa na kukatakata kaseini iliyokwisha kutengenezwa. Chumvi ya damu huingia pia, na ladha hubadilika. Maziwa ya namna hii yanaweza kuganda katika jaribio la alkoholi na kurudishwa nyumbani, hata kama mfugaji hakuongeza chochote. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe ni mafuta yasiyopungua asilimia 3.25 na yabisi nyingine zisizopungua asilimia 8.5. Protini na laktosi zikipungua, kiwango hicho cha pili ndicho huanguka.

Ikiwa matibabu yamechelewa na seli zimekufa na kugeuka kovu, robo hiyo haiwezi kufufuliwa na dawa yoyote katika msimu huo, na nyingine hufa kabisa. Ng'ombe anayekamwa chuchu tatu hula chakula kile kile cha mwenye nne.

Lishe, maji na kivuli

Nakala za jeni zikiwepo, seli bado inahitaji malighafi ya kujengea protini. Malighafi hizo hutokana na chakula na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe. Pia insulini na malighafi zenyewe zikiwa katika damu huwa ni ishara kwa seli kwamba kazi iendelee. Ng'ombe anayelishwa nyasi za nepia zilizokomaa peke yake hupata shibe bila protini wala nguvu za kutosha. Majani ya jamii ya kunde kama vile kaliandra na desmodiamu, yakichanganywa na nyasi changa na lishe ya nafaka, husaidia pakubwa.

Joto kali nalo hupunguza maziwa. Ng'ombe hula kidogo, lakini hata chakula kikiwa sawa, homoni na matumizi ya nguvu mwilini hubadilika. Kivuli na maji safi yanayopatikana mchana na usiku ni gharama ndogo ukilinganisha na maziwa yanayopotea.

Kumkausha si kupoteza maziwa ya miezi miwili

Ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba anapaswa kukaushwa, ili apumzike siku 60 hivi kabla ya kuzaa. Wapo wanaoendelea kukama hadi mwisho kwa sababu ada ya shule inadaiwa na lita tatu ni lita tatu. Uamuzi huo unaeleweka, ila bei yake hulipwa msimu unaofuata. Katika kipindi hicho cha mapumziko, seli kuukuu huondoka na mpya huzaliwa. Ng'ombe asiyekaushwa huanza msimu mpya na seli zilizochoka, na maziwa yake hupungua muda wote huo. Dang'a yake pia huwa hafifu.

Mbegu ina nafasi yake

Haya yote hayamaanishi kwamba ukoo hauna maana. Mfano mzuri ni mbuzi wa maziwa. Jeni moja ya kaseini ya mbuzi ina matoleo mbalimbali: mengine hutoa protini nyingi, mengine kiasi, na mengine hayatoi kabisa. Mojawapo ya matoleo dhaifu lina kipande cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni, na nakala zake hupungua kwa hiyo. Watengenezaji jibini nchini Ufaransa walichagua mabeberu kwa kuzingatia tofauti hiyo.

Hapa Kenya, mbegu za fahali waliopimwa hutolewa na kituo cha kitaifa cha KAGRC kilichoko Kabete, miongoni mwa wasambazaji wengine. Chagua mbegu kwa kumbukumbu za uzalishaji, na ufahamu kwamba mbegu hutoa uwezo tu. Uwezo huo hutimizwa au hupotezwa bandani.

Kwa mama anayenyonyesha

Mfumo huu ni wa mamalia wote, binadamu akiwemo. Baada ya kujifungua, kondo la nyuma likitoka, projesteroni hushuka na maziwa huanza kujaa. Kipande cha kondo kikibaki, maziwa yanaweza kuchelewa. Mtoto anaponyonya, prolaktini hupanda, na titi linalotolewa maziwa mara kwa mara huendelea kutengeneza. Titi linaloachwa limejaa hupunguza. Ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana, na asipewe kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza. Mama anayeona maziwa yanachelewa au yanapungua afike katika kituo cha afya mapema.

Mambo ya kuzingatia bandani

1. Kama kwa saa zile zile kila siku, kwa utulivu, na umalize maziwa yote.
2. Nawa mikono, safisha na ukaushe chuchu kabla ya kukama, na uzichovye katika dawa baada ya kukama.
3. Kamulia matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, damu au majimaji, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
4. Ng'ombe akipewa dawa za kuua bakteria, usiuze maziwa yake hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.
5. Andika tarehe ya kupandishwa, na umkaushe ng'ombe siku 60 kabla ya kuzaa.
6. Mpe ndama dang'a mapema iwezekanavyo.
7. Andika lita za kila ng'ombe kila siku. Anguko la ghafla ni ishara kwamba kuna kitu kimezima kiwele, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazomwonyesha daktari lilianza lini.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa ugani wa mifugo katika wadi yako au uulize kupitia chama chako cha ushirika. Nenda na daftari la kumbukumbu za ng'ombe wako.